Picha ya simu haithibitishi dhahabu

Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp unadai kuwa dhahabu halisi hutambulika pichani kwa manjano yake yaliyokolea. Si kweli. Kamera hunasa mwanga unaoakisiwa na kitu, kisha simu huirekebisha rangi yenyewe, hivyo shaba ya manjano iliyosuguliwa vizuri huweza kuonekana dhahabu tupu. Piga picha pete moja chini ya balbu, kisha kivulini karibu na dirisha: utadhani ni pete mbili. Watu huchanganyikiwa kwa sababu jicho huuzoea mwanga wa chumba, ilhali picha haionyeshi taa iliyokuwapo. Sonara hupima uzito na ujazo: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ya shaba hiyo takriban 8.5. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, kwani anayeuamini huweza kulipia shaba kwa bei ya dhahabu.