Kimbunga Baharini, Mafuriko Nairobi: Dhana Potofu na Ukweli

"Vimbunga ni shida ya watu wa pwani." Dhana hii husikika sana jijini kila masika, na haikosi chembe ya ukweli. Nairobi iko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo mpaka uwe kimbunga. Tena imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali kwa zaidi ya kilomita 400. Kosa ni kudhani kwamba kimbunga hudhuru pale kinapopita tu. Kikizunguka karibu na Madagascar, huvuta hewa kutoka mbali, na Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande huo wa bahari, pepo zenye unyevu kutoka magharibi zilipata nguvu juu ya Kenya na mvua ikazidi kiasi.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba kila kimbunga huleta mvua. Idai ya Machi 2019, iliyoangamiza Beira nchini Msumbiji, iliuvuta unyevu upande wake, na masika ya Kenya yakachelewa. Vilevile si sahihi kusema kwamba kimbunga Hidaya ndicho kilichoifurisha Nairobi mwaka 2024. Hidaya ilifika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei, wakati familia za Mathare, mtaa wa bondeni jijini Nairobi, zilikuwa tayari katika matanga, kwa kuwa mto wa huko ulikuwa umevunja kingo mwezi Aprili kutokana na mvua za masika zenyewe. Tarehe hizi ni muhimu, kwa sababu anayengoja kusikia jina la kimbunga ndipo ahame atakuwa amechelewa.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni hii: "Kwetu hakujanyesha, kwa hiyo tuko salama." Mto Nairobi huanzia upande wa Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri, na mito mingine ya jiji pia hutoka nyanda zilizo magharibi na kaskazini mwa jiji, kwa hiyo mvua kubwa ya huko huweza kumfikia mkazi wa bondeni akiwa amelala chini ya anga kavu. Milimita 50 za mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50 za maji. Zamani sehemu kubwa ilinywewa na udongo na majani. Leo paa za mabati, lami na saruji huyasukuma maji hayo mtoni karibu yote, kwa muda mfupi. Ndiyo maana siwezi kukubali wanaposema kwamba mafuriko ni matokeo ya takataka za wakazi wa mabondeni peke yao. Ni kweli kwamba mitaro huziba, lakini maji yanayobomoa chumba kule Mukuru yameteremka pia kutoka kwenye paa na maegesho ya mitaa yenye nafasi.

Barabarani, dereva wa matatu au gari kubwa hudhani uzito utamwokoa. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo, na yakifika 60 huyasomba magari mengi. Mtu mzima kwa miguu huweza kuangushwa na sentimita 15 tu. Juu ya hayo, maji ya matope hayaonyeshi kama lami bado ipo chini yake.

Wala hatari haikatiki pamoja na mvua. Mto huendelea kupanda huku maji ya juu yakishuka, na yakipungua huacha uchafu wa vyoo vya shimo katika visima na mabomba yaliyopasuka. Hapo ndipo kipindupindu huingia, na maji ya kunywa yanapaswa kuchemshwa hata yakionekana maangavu.