Uvimbe wa shingoni usiouma: HPV na saratani ya koo

Daktari, HPV si kile kirusi cha saratani ya shingo ya kizazi?
Ndicho hichohicho. Aina namba 16, inayoongoza kwa saratani ya shingo ya kizazi, ndiyo huonekana zaidi pia kwenye saratani za tonsili na shina la ulimi zitokanazo na HPV. Wanaume nao huugua.

Nina uvimbe shingoni, lakini hauumi. Nisubiri?
Usisubiri. Huenda ni tezi iliyofikiwa na saratani ya koo. Wengi hunifikia uvimbe umeshakuwa kama limau, wamemaliza dozi tatu za antibayotiki, na wengine wamekatwa kimeo. Kimeo hakina kosa lolote! Mtu mzima mwenye uvimbe shingoni uliozidi wiki tatu achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwe.

Nasikia kansa ikiguswa na chuma inasambaa.
Hapana. Sindano ya kipimo haiisambazi. Inasambaa wakati wewe uko nyumbani unaogopa sindano.

Hata wakikata kipande cha tonsili?
Hata hapo. Nakuomba, usikatae kipimo kwa maneno ya mtaani.

Na kama ni TB ya tezi?
Inawezekana, kwetu ipo. Kinyama hichohicho ndicho kitakachotuambia.

HPV haionekani kwenye damu?
Kwa kawaida tunaitafuta kwenye kinyama chenyewe. Maabara hukitia rangi inayoonyesha p16, protini ya mwili ambayo huzidi pale kirusi kinapovuruga seli. Saratani ya koromeo (sehemu ya koo yenye tonsili na shina la ulimi) ambayo angalau asilimia 70 ya seli zake zimeshika rangi hiyo vizuri huhesabiwa kuwa ya HPV. Penye shaka, vinasaba vya kirusi hutafutwa moja kwa moja. Lakini kinyama lazima kihifadhiwe kwenye formalini, dawa ya kuzuia kisioze. Nimepokea wagonjwa waliokatwa uvimbe ukatupwa; hapo tunapima nini? Ukikatwa chochote, uliza kinapelekwa maabara gani.

Kujua kunanisaidia nini?
Saratani ya koromeo yenye HPV huitikia mionzi na dawa vizuri kuliko isiyo nayo. Ukiendelea na sigara unaipunguza nafuu hiyo.

HPV huambukizwa kwa ngono. Kwa hiyo mwenzangu amenisaliti?
Majibu hayasemi hivyo. Kirusi huweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya saratani kutokea. Msigombane, njooni kliniki.

Uvimbe umepungua baada ya dawa. Bado nije?
Njoo. Tezi zenye saratani ya HPV mara nyingi huwa na majimaji ndani, hivyo huweza kunywea kidogo kisha zikajaa tena. Njoo wiki hii.