"Weka y kila kitu": ushauri unaokunyima Wi-Fi

Wanaoniletea laptopu za Linux walizojijengea kerneli (kiini cha mfumo) wenyewe wana wimbo mmoja: "Draiva nimeiweka `y`, si `m`, ili iwe na kasi na iwe ya uhakika. Sasa mbona Wi-Fi haipo?" Mara nyingi haipo kwa sababu ya hiyo hiyo `y`. Unapojenga kerneli, `y` huiweka draiva (programu inayoendesha kifaa) ndani ya kerneli yenyewe, na `m` huiacha kama moduli, kipande cha pembeni kinachopakiwa kinapohitajika.

Kwanza hiyo kasi. Moduli ikishapakiwa hufanya kazi ndani ya kerneli ileile, kwa mamlaka yaleyale, sawa na draiva iliyojengewa ndani. Tofauti hutaiona hata ukodoe macho. Utakachokiona ni madhara. Chukua kadi ya Wi-Fi ya Intel AX200. Ukiweka `CONFIG_IWLWIFI=y`, draiva inaamka mapema mno, kabla mfumo haujaifikia diski. Inaitafuta fimwea yake (programu ya ndani ya kadi yenyewe) kwenye `/lib/firmware`, na saraka hiyo bado haipo. Ndipo `dmesg` (kumbukumbu za kerneli) inapoandika `Direct firmware load for iwlwifi-...` na kumalizia `failed with error -2`, yaani faili halikupatikana. Mtu anakimbilia kupakua fimwea upya, na faili lipo palepale siku zote! Angeiacha `m`, udev (huduma inayopakia moduli za vifaa) ingeipakia diski ikiwa tayari, na kila kitu kingekutana.

Kama ni lazima iwe `y`, iweke fimwea kwenye initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kabla diski haijafikiwa), au itaje kwenye `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE`, jina la faili herufi kwa herufi. Na usisahau `CONFIG_IWLMVM`, sehemu ya pili ya draiva hiyo. Bila hiyo AX200 haifanyi lolote, hata `IWLWIFI` ukiiweka mara mia.

`y` ina mahali pake. Kama hutumii initramfs, draiva ya diski (`BLK_DEV_NVME` au `SATA_AHCI`) na ya mfumo wa faili (`EXT4_FS`, kama ndiyo unayotumia) lazima ziwe ndani. Ukiziacha `m` utakutana na `VFS: Unable to mount root fs`, yaani kerneli imeshindwa kuifungua diski ya mfumo, na hapo mashine haimalizi kuwaka.

"Nimehariri `.config` kwa mkono, lakini mstari umetoweka." Mstari huo wa `.config` (faili la machaguo ya kerneli) umefutwa na `make olddefconfig`, amri inayolisawazisha faili hilo, kwa kuwa umezima kitu ambacho chaguo lako linakitegemea. Ingia `make menuconfig` (menyu ya machaguo), bonyeza `/`, andika jina la chaguo, kisha soma palipoandikwa `Depends on`. Watu hawasomi hapo, sijui kwa nini.

"`make localmodconfig` inajua vifaa vyangu vyote." Amri hiyo hupunguza machaguo ya kerneli, lakini inajua yale tu ambayo `lsmod` (orodha ya moduli zilizopakiwa) inayaonyesha dakika ile. Modemu ya USB iliyolala kwenye droo haihesabiwi, wala printa. Chomeka kila kitu kwanza, hata flashi, halafu ndiyo uendeshe amri. Mimi huwa naanzia kwenye `/boot/config-$(uname -r)`, mipangilio ya kerneli iliyokuja na distro (toleo la Linux), na kupunguza kidogo kidogo. Ni kazi ndefu zaidi, lakini hainiamshi usiku.

"Kifaa hakifanyi kazi, basi nijenge kerneli upya." Subiri. Endesha `lspci -k`, inayoorodhesha vifaa na draiva zake. Ukiona `Kernel modules` ina jina lakini `Kernel driver in use` haipo, draiva unayo tayari. Tafuta fimwea iliyokosekana, au angalia `/etc/modprobe.d` kama kuna mtu aliyeiweka kwenye `blacklist` (orodha ya moduli zilizozuiwa). Saa nzima ya kukompaili haitabadilisha chochote hapo.