Ndiyo, waini nyekundu niliitia barafuni, na kesho ningeitia tena

Basi wale mlioniona kwenye TV wiki iliyopita asanteni kwa meseji, hata zile za kunicheka. Kwa wenye hawakuona, kuna kipindi cha mapishi kilikuja hapa Malindi kupika samaki wa kupaka, yule wa tui la nazi, wakatafuta mtu wa waini wa hapahapa mjini aseme mawili matatu, nikapatikana mimi. Tumerekodi toka saa mbili asubuhi hadi karibu saa sita, kilichotoka hewani ni dakika mbili na kitu, na kwenye hizo dakika mbili watu wamebaki na picha moja tu: mimi nachukua chupa ya waini nyekundu naizamisha kwenye ndoo ya barafu. Maelezo yangu yote wamekata. Yote! Usiku huohuo mjomba akapiga simu, "Mwanangu, miaka yote hiyo umewahudumia Wataliano, hujui nyekundu haitiwi barafu?"

Haya mjomba, nikueleze sasa.

Hiyo habari ya kwamba nyekundu inyweke kwa joto la chumbani imetoka Ulaya, na chumba chenyewe ni kile cha zamani, nyumba za mawe kabla hita hazijawekwa kila pembe, digrii 16 mpaka 18 hivi. Sasa njoo chumbani kwangu Maweni mwezi wa pili, feni inasukuma joto kutoka upande huu kwenda upande ule, ukiweka kipimo unasoma 30 na bado jua halijakolea. Waini ikifika hapo spiriti yake, yaani kileo, inaruka, ukiinusa inakuchoma pua kabla hujasikia harufu ya tunda lolote, na mdomoni inakuwa nzito, imelegea, kama juisi iliyosahaulika kwenye dashibodi ya matatu. Kwa hiyo mimi siigandishi, naishusha tu ifike pale wenyewe walipotaka iwe. Robo saa, dakika ishirini, unatoa. Ukiiacha saa mbili umeharibu upande wa pili, kwa sababu baridi inaamsha tanini, yaani ule ukakasi unaokaza ulimi na fizi, ambao mtu yeyote wa pwani aliyewahi kung'ata bibo bichi anaujua bila kusomea.

Na ndoo yenyewe ina namna yake. Barafu tupu ni kazi bure, vipande vinagusa chupa hapa na pale na katikati kumejaa hewa, wahudumu wengi wanakosea hapo. Tia barafu nusu, maji mpaka shingoni mwa chupa, halafu chumvi ya mawe konzi moja au mbili. Chumvi inafanya maji yashuke chini ya 0 bila kuganda, na maji yanaikumbatia chupa pande zote. Wenye hawanywi pia hii iwafae, soda ya wageni wa ghafla inapoa hivyohivyo.

Sasa mtauliza nyekundu na samaki wapi na wapi. Mi nilibeba nyeupe bana! Nilikuja na Vermentino ya Sardinia, kisiwa cha Wataliano, zabibu ya kule baharini, ina uchachu safi unaokata tui zito la nazi vile ukwaju au ndimu inavyolikata. Mdairekta akaiangalia kwenye glasi akasema haionekani kwenye kamera, inafanana na maji. Akataka nyekundu. Nikasema sawa, lakini iwe nyepesi, isiwe na tanini nyingi wala spiriti nyingi, tukapata Pinot Noir. Sababu ni hii: waini nyekundu nyingi zina chembe za madini ya chuma, zikikutana na mafuta ya samaki mdomoni inatokea ladha ya shombo, kama umelamba sarafu ya muuza samaki. Na spiriti ikiwa kali inachochea pilipili, yule aliyetia pilipili mbuzi anageuka shetani. Hili nililisema mbele ya kamera polepole kabisa, vizuri kabisa, na limeishia kwenye kapu la mhariri.

Kitu kingine hamkukiona ni kutema. Sisi wa kazi hii tunaonja tunatema, ndio maana mtu anaweza kuonja chupa thelathini akaenda nyumbani kwa miguu yake. Wakaniambia usiteme, watu watakuwa wanakula wakiangalia. Sawa, nikameza. Sasa ikawa mara taa, mara bodaboda imepita, mara mpishi amesahau maneno, tukarudia mara tisa. Saa nne asubuhi. Ukiangalia vizuri pale mwisho utaniona natabasamu bila sababu, sasa sababu mnaijua.

Mjomba yeye hayo ya Sardinia hayakumwingia. Nikamuuliza, babu alipokuwa akigema, mnazi, yaani ile pombe inayogemwa mtini, alikuwa akiuweka wapi? Akasema kivulini, chini ya mwembe, umefunikwa na majani mabichi. Kwa nini? "Si jua litauchachua." Ndo hivyo. Asubuhi umeshuka mtini ni tamu, mtoto anaonja, jioni ni mkali, ukiulaza siku chache unaelekea siki, na siku ya jua kali haungoji hata jioni. Waini iliyofungwa haichachi hivyo, lakini joto inalijua pia: chupa ikikaa juu ya friji jikoni miezi miwili mitatu kizibo kinasukumwa nje na ndani kunapikika, harufu inakuwa ya zabibu kavu. Nimefunguliwa chupa za bei ya mbuzi mzima zilizokufa hivyo, zimewekwa kwenye kabati la kioo linaloangalia dirisha ili wageni wazione.

Mjomba akanyamaza kidogo. Halafu akauliza hiyo chumvi ya ndoo ni ya paketi ama ile inayovunwa Gongoni.

Ya Gongoni mjomba. Ya paketi nani ataiweza.