Kusikilizwa bila kura: ushiriki wa asasi za kiraia katika vyombo vya usalama

Vyombo vya usalama vya kimataifa ni mali ya nchi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wajumbe 15, na kila mmoja husemea serikali yake. Kwa hiyo ukisikia "ushiriki wa asasi za kiraia", usidhani asasi hizo zimepewa kura. Maana yake ni kwamba watu wasio wa serikali wala wa jeshi, yaani vikundi vya wanawake, jumuiya za dini, vyama vya wanasheria, wana njia ya kusikika kabla uamuzi haujapita.

Mwaka 1992 balozi wa Venezuela, Diego Arria, alitaka wenzake wamsikie padri aliyetoka kwenye vita vya Bosnia. Kikao rasmi kiliposhindikana, aliwaita wajumbe wamsikilize huku wakinywa kahawa. Mikutano ya namna hiyo inaitwa kwa jina la Arria hadi leo. Kwa upande wa Umoja wa Afrika, Kifungu cha 20 cha Itifaki ya Baraza la Amani na Usalama kinataka asasi, hasa za wanawake, zihimizwe kushiriki, tena kinasema zinaweza kualikwa kuhutubia Baraza. Hilo "zinaweza" linaniuma, maana asiyealikwa hana pa kudai.

Sisi wa Arusha jambo hili limepita mlangoni petu. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalipoanza hapa mwaka 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, wanawake wa Kirundi walikuja na hawakupewa viti. Wakawa wanawafuata wajumbe kwenye korido, mmoja mmoja, kuwaeleza madai yao. Hao ndio waliokuwa wakizika watoto na kulala makambini, halafu wanasubiri nje ya ukumbi! Baadaye wakakubaliwa kama waangalizi, na Julai 2000 wakafanya mkutano wao wenyewe, mapendekezo yakamfikia msuluhishi aliyempokea kijiti Mwalimu, Nelson Mandela.

Mkataba ulisainiwa Agosti 28, 2000, na mengi waliyoyataka yalikuwemo. Dai la asilimia 30 ya nafasi za uongozi lilikataliwa. Hawakuliacha: Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ikawapa asilimia hiyo serikalini na bungeni.