Muuaji wa simulizini na mtoto wa nyuma ya umati

Ninaandika simulizi za kusisimua. Zinasomwa kwenye simu, sehemu kwa sehemu, na wasomaji wangu wengi ni wa hapahapa Kanda ya Ziwa: Igoma, Buhongwa, Sengerema, Nansio. Iliyopendwa kuliko zote ilimhusu kijana aliyeteswa na baba wa kambo katika kambi ya wavuvi wa dagaa. Alitoroka, akakua, kisha akarudi miaka ishirini baadaye kuwasaka waliomtesa na wale waliotazama wakanyamaza. Alipomuua wa pili, simu yangu haikulala. "Mwandishi, wa tatu usimwache." "Huyo mzee afe polepole."

Katikati ya shangwe hizo ukaja ujumbe wa mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyetumikia wodi ya magonjwa ya akili kwa miaka mingi. "Mwanangu, kalamu unayo. Ila huyo mtu wako sijawahi kumuuguza." Nilimfuata. Tulikaa juu ya mawe karibu na kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza, yeye na mwavuli wake, mimi na daftari langu, hadi taa za upande wa pili zikaanza kuonekana. Nilikwenda nikitafuta mbinu za kumnoa muuaji wangu. Nilirudi nikijua kwamba simulizi yangu ilikuwa imesimama juu ya mambo ambayo sivyo yalivyo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia moja baada ya jingine.

"Aliyeumizwa utotoni atakuja kuumiza"

Sisi waandishi tunaipenda hii kwa sababu inaturahisishia kazi. Ukitaka muuaji, mpe utoto mbaya, basi, msomaji ameelewa.

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Cathy Widom, alichapisha matokeo ya kufuatilia kumbukumbu za watu 908 ambao mahakama zilithibitisha kwamba waliteswa au kutelekezwa wakiwa watoto. Aliwalinganisha na wengine 667 wa umri na mazingira yanayofanana ambao hawakuwa na kumbukumbu hiyo. Katika kundi la kwanza, watu 26 kati ya kila 100 walikuwa wamekamatwa kwa makosa wakiwa bado vijana wadogo. Katika kundi la pili, 17 kati ya kila 100. Kwa hiyo hatari inaongezeka, wala haifai kulificha hilo. Lakini waliobaki kati ya mia moja ni 74. Na wanaohesabiwa hapo ni waliokamatwa kwa kosa lolote, ambalo mara nyingi liko mbali sana na kuua.

Sasa tazama kwetu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Waliopata kipigo cha ngumi, mateke au fimbo walikaribia robo tatu, wasichana kwa wavulana. Vijana wale leo ni watu wazima. Ndio wanaotupimia sangara mwaloni Kirumba, wanaoendesha bodaboda zetu, wanaofundisha watoto wetu. Kama utoto mbaya ungezaa wauaji kwa namna tunavyoandika, mji huu usingekalika hata wiki moja.

Jeraha hilo huenda wapi basi? Jibu lake nililipata katika utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1998, ulioongozwa na madaktari Vincent Felitti na Robert Anda. Watu wazima 9,508 waliulizwa kuhusu mateso ya utotoni, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamepitia angalau aina moja. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyozidi ya wale wasiopitia hata moja mara nne hadi mara kumi na mbili. Magonjwa ya moyo na ya mapafu nayo yaliongezeka. Mtu huyu anajigeuzia kisu mwenyewe kabla ya kumgeuzia mwingine. Yule mama aliniambia kwa maneno yake: "Wangu walikuja bila panga. Walikuja na usingizi mbovu, na pombe, na mtoto mchanga ambaye hawawezi kumbeba bila kutetemeka."

Hapo ndipo nilipoona nilivyokosea. Miongoni mwa wasomaji wangu yupo mtu wa aina hiyo, anasoma usiku peke yake, na mimi nilikuwa ninamwambia kila Ijumaa kwamba ndani yake anaishi muuaji.

Dhana hiyo ina ndugu yake, ile ya mtu mwenye nafsi mbili, moja karani mpole na nyingine inatoka usiku kuua. Hali ya nafsi kugawanyika ipo, huwapata hasa walioteswa vibaya wakiwa wadogo sana, na wenye nayo hujidhuru wenyewe kwa wingi. Sitaiandika tena.

"Kumbukumbu hufutika, kisha hurudi yote kama sinema"

Katika sehemu ya saba nilimpa kijana wangu kengele ya kanisa. Ikalia, na palepale akakumbuka kila kitu, sura, majina, hata rangi ya shati. Wasomaji walilia.

Wengi waliopitia mateso shida yao ni kwamba hawawezi kusahau. Na kumbukumbu inayorudi huja vipande: harufu, mlio, mkazo tumboni, bila mpangilio na bila tarehe. Tena kumbukumbu si picha iliyofungiwa sandukuni, maana kila tunapokumbuka tunaijenga upya, na wengine wanaweza kutusaidia kuijenga vibaya. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus alieleza jinsi watu wazima 24 walivyosimuliwa kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa wadogo, jambo ambalo halikutokea. Kama robo yao waliishia kulikumbuka, kwa ukamilifu au nusunusu. Kwa hiyo shujaa anayeua kwa kufuata kumbukumbu iliyomrudia jana usiku anaweza akawa ameua mtu asiyehusika. Hilo halimaanishi kwamba anayesema aliteswa anadanganya. Linamaanisha asikilizwe na watu waliofundishwa kusikiliza, wasiomtilia maneno mdomoni.

"Umati haukosei"

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi mtaa mmoja wa mlimani, zile nyumba zilizopandana na majabali. Kelele za mwizi zilianzia juu zikashuka, nasi watoto tukakimbilia huko kwa sababu kila mtu alikimbilia huko. Baba mmoja alimbeba mwanawe mabegani ili aone vizuri. Kijana aliyekuwa chini alikuwa anamwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu, mayu," na mama aliyekuwa akituuzia maandazi asubuhi, mtu mwema kweli, niliuona mkono wake ukinyanyua jiwe. Kisha likaja tairi.

Mpaka leo sijui kama aliiba. Hakuna aliyeuliza. Nimeandika vifo vingi tangu hapo, lakini harufu ya mpira unaoungua bado hunitoa barabarani, na sikuwahi kuviunganisha vitu hivyo viwili hadi yule mama aliponiuliza, pale juu ya mawe, ni lini nilianza kuogopa harufu hiyo.

Katika simulizi, anayejichukulia sheria mkononi huwa ameshathibitisha; sisi wasomaji tulimwona mkosaji akikosa. Mtaani hakuna aliyeona. Usukumani tumewahi kuwapoteza bibi zetu kwa uhakika wa namna hiyohiyo: macho mekundu, basi mchawi, kumbe ni miaka hamsini ya moshi wa kuni na samadi jikoni.

Wengine husema, "Mbona sungusungu ni jadi yetu?" Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini waliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi na silaha zilipozagaa baada ya Vita vya Kagera. Walikuwa na uongozi wao, ntemi na wasaidizi wake, wakifuata nyayo za ng'ombe, wakiita watu, wakihoji. Adhabu zilizotambulika zilikuwa faini na kutengwa, na kwa mkulima kutengwa na kijiji kizima ni jambo zito. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Damu ilimwagika pia, na wengine walipelekwa mahakamani kwa hilo. Hata hivyo, baraza lenye uongozi na kumbukumbu haliwezi kuwekwa kapu moja na watu mia mbili waliokutana kwa kelele.

Na ile ya "wakipiga wengi, hakuna muuaji"? Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kinyume chake. Wenye kusudio la pamoja kila mmoja anahesabiwa ametenda. Jiwe moja linatosha kukufikisha kwenye kesi ya mauaji, kosa lisilo na dhamana, na adhabu yake ikithibitika ni kifo.

Dhamana yenyewe ndiyo imewachoma wengi. Mwizi wa simu anakamatwa Jumatatu, Alhamisi yuko kijiweni, watu wanasema kahonga. Inawezekana kahonga, rushwa ipo na inaua imani. Lakini kwa kosa la wizi wa kawaida dhamana ni haki yake, na kesi inaendelea yeye akiwa nje. Ajabu ni kwamba tunaishi na utaratibu huo miaka yote na hakuna anayetueleza, hivyo kila anayeachiwa anaonekana kama tusi kwa aliyeibiwa.

"Mahakamani mtoto hana neno, kwa hiyo dawa ni kisasi"

Hapa naomba msomaji asiruke.

Tangu Sheria ya Ushahidi iliporekebishwa mwaka 2016, mtoto anaweza kutoa ushahidi kwa kuahidi tu kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Na katika makosa ya kingono, mahakama ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli, ushahidi wake peke yake unatosha kumtia mtu hatiani. Mtoto wa miaka minane, sauti ndogo, anaweza kumsimamisha mtu mzima na akasikilizwa. Njia inaanzia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa simu namba 116 ambayo ni bure.

Umati ukimuua mtuhumiwa, mtoto yule hatasikilizwa kamwe. Atabaki na neno tumboni. Tena mara nyingi mkosaji ni mtu wa karibu, jirani, mjomba, anayeleta unga nyumbani. Mama muuguzi aliniambia kuna mtoto aliyekaa kimya miaka minne kwa kuwa aliwahi kuona mtu akichomwa, na alijua akisema, watamchoma baba yake. Alitaka baba aache. Hakutaka achomwe.

Kuhusu nafuu ya kisasi nitasema kwa ufupi. Brad Bushman, mwaka 2002, aliwaruhusu wanafunzi waliokasirishwa wapige gunia huku wakimfikiria aliyewakasirisha. Waliishia na hasira zaidi kuliko waliokaa tu bila kufanya kitu. Mwaka 2008 Carlsmith, Wilson na Gilbert waliona kwamba watu hutarajia nafuu wakimwadhibu aliyewadhulumu, lakini waliopata nafasi hiyo walibaki wakimwaza kuliko walioikosa.

Nimeambiwa pia kwamba nikiandika bila kisasi nitakuwa ninaiga Wazungu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Humo kuna binti wa kisiwa hichohicho, baba mkali na mlevi, na jeraha linalomfuata hadi mwisho. Zaidi ya miaka hamsini iliyopita, ng'ambo ya maji haya, mtu wetu alishaliandika bila shujaa wa kisasi.

Niliirudia simulizi yangu. Katika sehemu ya 23 kijana anashuka mwaloni usiku, karabai zinarudi toka ziwani, na baba wa kambo yupo, amezeeka, anashona wavu. Wavuvi wanamtambua kijana, wanajua alichofuata, wanaanza kumzunguka yule mzee. Nikakatia hapo.

Wengi walilalamika. Mmoja, namba ya Ukerewe, hakuuliza kama mzee atakufa. Aliandika: "Dada, yule mtoto uliyemtaja mara moja tu, aliyesimama nyuma ya wavuvi, anaitwa nani?"

Sikuwa nimempa jina. Sehemu ya 24 inaanza naye.