Je, Wajua Kwa Nini Watoto wa Sayyid Said Hawakulelewa Nyumba Moja?

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alipofariki baharini mwezi Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Maskati kurudi Unguja, aliacha watoto 36 waliokuwa hai, wanaume 18 na wanawake 18. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa na Azza binti Seif, mke wake wa ndoa aliyekaa naye Unguja. Wote 36 walikuwa watoto wa masuria, na mama zao walitoka nchi mbalimbali, wengi wao Uhabeshi na milima ya Kaukazi, wakiwa wameletwa kwa njia ya biashara ya utumwa.

Mtu anayepita leo Forodhani na kuliona lile jumba jeupe linalotazama bahari huweza kudhani kwamba jamaa hao wote walilala chini ya paa moja, wakala sinia moja na kukua kama ndugu wa tumbo moja. Haikuwa hivyo hata kidogo. Baadhi ya watoto hao walikulia katika jumba la Mtoni, nje ya mji, wengine mjini, na wengine walihamahama kati ya nyumba tatu au nne kabla ya kubaleghe. Binti yake Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 ndizo zinazotueleza mengi ya maisha ya ndani ya majumba hayo, anasema kwamba baadhi ya dada zake kwa baba walikuwa na umri wa kutosha kuwa bibi zake.

Kwa nini basi baba mwenye uwezo wa kujenga jumba kubwa kuliko yote Afrika Mashariki asiwakusanye wanawe mahali pamoja?

Tuanze na mti, maana mti ndio ulioweka mipaka ya kila chumba. Majumba ya Unguja ya zama za Sayyid Said yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na haishambuliwi na mchwa kwa urahisi, lakini urefu wake unaofaa kwa ujenzi hauzidi sana mita 3. Kwa hiyo fundi aliweza kukifanya chumba kirefu apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani yetu ni virefu na vyembamba, viwe vya tajiri wa Lamu au vya mfalme wa Unguja. Aliyetaka nyumba kubwa hakupanua chumba bali aliongeza vyumba, akavipanga kuuzunguka ua, kisha akapandisha ghorofa na kuanza tena. Jumba la namna hiyo, hata likiwa kubwa vipi, linabaki kuwa safu za vyumba vingi vidogo, na kila chumba kina mwenyewe.

Hivyo ndivyo lilivyokuwa Beit al-Mtoni, jumba la kwanza la Sayyid Said, lililoko pwani kilomita chache kaskazini ya mji, mahali ambapo kijito kilichoipa Mtoni jina lake kilipita katika eneo la jumba na kumwagikia baharini. Salme anakadiria kwamba watu waliokaa humo walifika 1,000. Idadi hiyo inashtua mpaka mtu akumbuke kwamba jamaa wa Sultani wenyewe walikuwa sehemu ndogo tu. Waliobaki walikuwa wajakazi, mayaya, wapishi, wapagazi, matowashi waliolinda milango na kuwafundisha watoto kupanda farasi, na watumwa wa kila kazi. Bila utumwa jumba lile lisingeweza kuendeshwa hata kwa siku moja, na ni vyema msomaji alikumbuke hilo kila anaposoma habari za tausi na swala waliokuwa wakirandaranda uani. Tausi walikuwepo kweli, pamoja na mbuni na heroe, na watoto walikuwa wakishindana kutafuta mayai ya mbuni ili wampelekee mpishi mkuu, ambaye aliwalipa kwa vitu vitamu. Lakini kulikuwa pia na watu waliofagia ua huo.

Upande mmoja wa ua zilikuwako hamamu nyingi, zikitumika mchana na usiku, kwa kuwa udhu na kuoga vilikuwa sehemu ya ratiba ya kila mtu. Upande wa bahari palikuwa na roshani ya mviringo iliyowekwa viti na darubini kubwa. Huko Sayyid Said alikuwa na desturi ya kutembea huku na huko, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la zamani la vita. Huko pia ndiko watu wazima wa nyumba walikokutana naye kunywa kahawa. Roshani hiyo ilikuwa karibu mahali pekee ambapo Mtoni ilionekana kuwa nyumba moja. Watu wakishaondoka hapo, kila mmoja alirudi upande wake.

Na upande huo ulikuwa wa nani? Hapa ndipo lilipo jibu lenyewe. Kipimo cha familia ndani ya jumba hakikuwa baba, kwa kuwa baba alikuwa wa wote. Kipimo kilikuwa mama. Suria aliyezaa alipewa vyumba vyake, wajakazi wake na posho yake, na watoto wake walikaa naye. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na baba yake alikuwa huru tangu kuzaliwa, halali, na mwenye haki sawa ya mirathi na mtoto wa mke wa ndoa. Mama yake naye hakuweza kuuzwa tena, na bwana wake akifa alikuwa huru. Maana yake ni kwamba kila safu ya vyumba ndani ya Mtoni ilikuwa na mrithi wake. Mwanamke aliyefika akiwa amenunuliwa angeweza, kwa kuzaa mwana, kuwa mama wa sultani, na hilo lilitokea si mara moja: Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wanne wa Sayyid Said waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine kuanzia 1856 hadi 1893, wote walikuwa wana wa masuria.

Katika hali hiyo, kuwarundika watoto wote pamoja kungekuwa kuwarundika washindani. Sidhani kwamba Sayyid Said alikaa akaupanga mgawanyo huo kwa hesabu za siasa. Ulitokana na mila aliyoikuta. Lakini mtu aliyeshika utawala wa Omani akiwa kijana, katika ukoo ambao ndugu walizoea kunyang'anyana madaraka, hakuhitaji kuelezwa faida ya ukuta mnene.

Palikuwa na migawanyo mingine pia. Mbele ya Sayyid lugha iliyoruhusiwa Mtoni ilikuwa Kiarabu, lakini alipogeuza mgongo tu zilisikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi (lugha ya watu wa Kaukazi), Kihabeshi na Kiswahili, zote kwa mpigo. Wanawake wa Kicherkesi walijitenga na wa Kihabeshi, na Salme, ambaye mama yake Jilfidan alikuwa Mcherkesi, hafichi kwamba chuki ya rangi ilikuwamo ndani ya nyumba ya baba yake. Hata chakula kilipikwa kwa namna mbalimbali kuwaridhisha watu wa asili mbalimbali. Juu ya wote alikaa Azza binti Seif, mwenye nasaba ya kifalme ya Omani, asiye na mtoto, ambaye kila mtu alipaswa kumwendea kwa adabu kubwa. Wakati wa chakula daraja hizi zilionekana wazi kuliko wakati mwingine wowote: watoto wa Sayyid walikula pamoja na baba yao, ilhali masuria, wakiwemo mama waliowazaa watoto hao hao, walikula mbali. Mtoto wa miaka minane aliweza kuketi mahali ambapo mama yake hakuruhusiwa kuketi.

Sayyid Said mwenyewe aliigawa wiki yake kati ya Mtoni na mjini, ambako alikuwa na Beit al-Sahil, jumba la ufukweni ambalo Salme alilipenda kwa uchangamfu wake. Ubavuni mwake lilikuwa Beit al-Tani, yaani nyumba ya pili, lililojengwa kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi aliyeachika baadaye. Majumba hayo mawili yaliunganishwa kwa daraja la juu. Kwa kuwa baba alikuwa na makao zaidi ya moja, na kila makao yalikuwa na masuria na watoto wake, lilikuwa jambo la kawaida kwa mtoto kumwona baba yake kwa siku kadhaa kisha akamkosa kwa siku nyingine, huku akisikia habari za ndugu ambao bado hajawatia machoni.

Kilichowatawanya zaidi ni utu uzima. Mwana wa kiume alipotangazwa kuwa mtu mzima, kwa kawaida katika umri wa miaka 18 hadi 20, alipewa nyumba yake, watumishi, farasi na posho ya mwezi, akatoka katika jumba la baba. Mara nyingi hakutoka peke yake, kwani mama yake na ndugu zake wa tumbo moja waliweza kumfuata, na hivyo kipande kizima cha jumba kikahamia mtaa mwingine. Kisa cha Salme ni mfano mzuri. Jilfidan na suria mwingine wa Kicherkesi aliyeitwa Sara walikuwa wameahidiana kwamba mmoja akifa, aliyebaki atawalea watoto wa mwenzake. Sara akafa, na mwanawe Majid pamoja na dada yake Khadija wakawa chini ya uangalizi wa Jilfidan. Majid alipopewa nyumba yake mjini, Beit al-Watoro, aliwachukua Jilfidan na Salme wakae naye. Salme alikuwa na miaka 7 hivi, naye aliondoka Mtoni kwa machozi, ingawa haukupita muda mrefu kabla kaka yake hajamfundisha kupiga bunduki na kutumia upanga, jambo ambalo mama yake hakulifurahia. Baadaye mama na binti walihama tena, wakaingia Beit al-Tani.

Matokeo ya mpangilio huu yalionekana mwaka 1859, Barghash alipojaribu kumpindua Majid. Ndugu waligawanyika, na Salme, aliyelelewa katika nyumba ya Majid, aliishia upande wa Barghash, akimwandikia barua kwa kuwa alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wengi wa ndugu hao walikaa nyumba zilizokaribiana mno, katika vichochoro ambavyo mtu akinyoosha mkono dirishani anakaribia kuugusa ukuta wa jirani, na kwa wiki kadhaa walichunguliana kupitia madirisha. Jaribio hilo lilishindwa, na Barghash akapelekwa Bombay.

Aliporithi utawala mwaka 1870, Barghash alijenga kwa namna nyingine. Beit al-Ajaib, lililokamilika mwaka 1883, lilijengwa kwa nguzo za chuma na baraza pana ambazo boriti za mikoko zisingeweza kuzibeba, lakini kusudi lake kubwa lilikuwa sherehe na mikutano, si malazi. Jamaa waliendelea kukaa Beit al-Sahil na Beit al-Hukm, na madaraja yaliyofunikwa yaliyaunganisha majumba hayo matatu juu ya njia, ili wanawake wa nyumba ya kifalme waweze kupita kutoka jumba moja hadi jingine bila kuonekana na watu wa barabarani.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga eneo hilo kwa muda usiofika saa moja, katika ugomvi wa nani amrithi Sultani Hamad bin Thuwaini. Beit al-Hukm na sehemu kubwa ya Beit al-Sahil viliharibiwa. Beit al-Ajaib likanusurika. Lile jumba jeupe linaloonekana leo Forodhani lilijengwa baada ya hapo. Lakini mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na sheria: amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa lakini ikawaacha masuria kando, nao wakaja kuguswa na amri ya mwaka 1909. Jumba la watu 1,000 lilikuwa limepoteza watu wa kuliendesha.

Kwa hiyo jumba lililokaliwa na Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, lilikuwa na familia ya namna nyingine kabisa. Katika makumbusho yaliyofunguliwa humo mwaka 1994, chumba kimoja kimetengwa kwa ajili ya Salme. Ghorofa ya juu vimehifadhiwa vyumba vya Khalifa na vya wake zake wawili, kila mmoja na samani zinazoonyesha kwamba hakutaka chumba chake kifanane na cha mwenzake. Mtoni yamebaki magofu, na yalikuwa yamekwisha kuwa magofu Salme aliporudi kupatazama mwaka 1885.